Miji Mitatu ya Mama Ezra

Jina lake alilopewa na wazazi ni Nailantei, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyelitumia. Tangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, watu wote wa upande ule wa Kajiado walimwita Mama Ezra, naye aliitika kwa jina hilo kama mtu aitikiaye heshima. Mumewe alikufa mapema. Alimwachia ng'ombe wachache, boma lenye upepo mwingi, na mtoto huyo mmoja.

Kila asubuhi Mama Ezra alibeba maziwa hadi mjini Kajiado. Maziwa yake hayakuwa na maji. Hili si jambo dogo, kwa maana walikuwako wauzaji walioyaongezea maji njiani, kisha wakafika kwa mteja na kuapa kwa jina la Mungu. Mteja wake wa kwanza alikuwa Hilowle, mzee wa Kisomali mwenye hoteli ya chai, na Hilowle alikuwa akisema mbele ya watu wote kwamba angefumba macho na kuyajua maziwa ya Mama Ezra kwa harufu ya mtungi wake tu, ule uliofukizwa moshi wa mti wa mzeituni. Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyezaa mtoto aliyedanganya nchi nzima.

Mwaka wa 1998 Ezra alipata nafasi ya kusoma Amerika. Ndivyo alivyosema wakala mmoja wa Nairobi, mtu wa tai na maneno laini, aliyeahidi kushughulikia karatasi zote na tikiti. Ikafanyika harambee. Simel, ndugu ya marehemu baba yake, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na alitoa ng'ombe wa kwanza ili wengine waone haya kutoa mbuzi. Walitoa. Wajane walitoa kuku. Bibi mmoja asiye na chochote alitoa shanga za shingoni mwake, akasema mtoto akazivae huko ili wazungu wajue ana kwao.

Siku ya safari walikodi lori la kubebea ng'ombe, wakaliosha, wakapanda wote, wakaimba kutoka Kajiado hadi uwanja wa ndege. Ezra alibarikiwa kwa mate na wazee mpaka kola ya shati ikaloa. Kisha akaingia mlangoni na sanduku lake, wala hakugeuka nyuma.

"Mbona hageuki?" Mama Ezra aliuliza.

"Anayekwenda vitani hageuki," Simel akajibu, na wote wakaona ni jibu zuri.

Barua hazikuja, ila picha zilikuja. Zililetwa kwa mkono na vijana waliosema wametumwa na rafiki wa rafiki aliyetoka huko. Krismasi simu ililia hotelini kwa Hilowle, na Mama Ezra akaitwa mbio. "Niko salama, Yeyo," Ezra alisema, kwa maana ndivyo Wamaasai wamwitavyo mama. Alipoulizwa yuko mji gani, alisema kazi yake ni ya kuhamahama, na mara simu ikakatika. Mama Ezra hakuona neno. Watu wake wamehamahama tangu dunia iumbwe.

Picha zilikuwa tatu, na katika zote Ezra alisimama wima, mikono mfukoni, na nyuma yake mji. Hazikuwa na maandishi yoyote. Hilowle ndiye aliyezipa majina, kwa sababu binti yake Ilhan alikuwa Minneapolis naye alimtumia kalenda yenye picha za miji mikubwa ya Amerika, mji mmoja kwa kila mwezi.

"Hii ya daraja jekundu ni San Francisco," Hilowle alisema, akishika picha kwa ncha za vidole. "Hii ya ziwa, na ghorofa nyeusi kama makaa, ni Chicago. Na hii iliyoletwa mwisho, ya ghorofa mbili mapacha, hii ni New York. Mama Ezra, mtoto yako amefika mahali dunia yote inataka kufika."

"Na mji wa Ilhan?"

"Wa Ilhan ni huu wa mwezi wa nane. Angalia. Si mbaya."

"Uko na ghorofa chache," Mama Ezra alisema kwa upole.

"Chache lakini safi! Hizo zako zimesongamana kama mbuzi kwa mlango ya zizi."

Mabishano hayo yaliendelea kwa zaidi ya mwaka, maziwa yakimiminwa. Nyumbani nako picha zilibandikwa ukutani, na jirani waliokuja kukopa chumvi walikaa kuzilinganisha. Wengine walisema hakuna kama San Francisco, maana daraja lile lilionyesha watu wake wanajali wasafiri. Wengine walisimama na Chicago kwa ajili ya maji yale mengi yasiyo na ng'ombe hata mmoja wa kuyanywa. Mama Ezra alisema New York. Ghorofa zile mbili zilimkumbusha morani wawili waliosimama bega kwa bega, hakuna anayetaka kumzidi mwenzake.

Katika picha hiyo kulikuwa na jambo moja lisiloeleweka. Kati ya zile ghorofa mbili palishuka mstari uliopindapinda, kutoka mawinguni hadi karibu na sikio la Ezra.

"Hiyo ni radi," jirani mmoja alisema.

"Radi gani haina mvua? Ni ngazi. Matajiri wanapanda kwa umeme, maskini wanapanda kwa ngazi."

"Basi Ezra atapanda kwa gani?"

"Wacha kwanza amalize masomo."

Simel alikuwa akicheka kuliko wote. Alisema yeye hababaishwi na New York, kwani hata fahali wake Mugie alishafika huko. Kisa hicho kilijulikana na kila mtu. Mwaka wa 1999 Simel alikuwa amempeleka Mugie Kitengela, na akaamua kupigwa picha naye katika studio yenye michoro ya miji ya ng'ambo. Alisema mwanamume akipigwa picha bila ng'ombe wake, hiyo si picha yake, ni kitambulisho. Mpiga picha alikataa, Simel akasisitiza, fahali akaingizwa. Taa ilipomulika, Mugie aliuvamia ule mji kwa pembe. Mchungaji na mfugo wake walitoka mbio kwa mlango mmoja, na Simel hakurudi kuuliza hasara.

"Tulifika Amerika na kurudi siku hiyohiyo," alikuwa akisema. "Mugie hakupapenda."

Basi wakaishi hivyo hadi Septemba ya mwaka 2001.

Siku ya Jumatano Mama Ezra alifika hotelini na maziwa yake kama kawaida. Hoteli ilikuwa imejaa. Wanaume wote walikuwa wameelekeza nyuso kwenye televisheni ya juu ya kabati, na chai zao zimepoa. Hilowle alipomwona mlangoni alitoka upesi nyuma ya meza, akasimama kati yake na televisheni, akatandaza kanzu yake kama mtu anayeziba upepo.

"Mama Ezra, leo kaa nje kidogo. Nitakuletea chai mimi mwenyewe."

"Toka mbele yangu, Hilowle."

"Mama Ezra, nakuomba."

Alikuwa mwanamke mrefu. Alitazama juu ya bega la mzee, akaziona. Hakuhitaji kuelezwa ni wapi. Alikuwa amelala na kuamka chini ya ghorofa zile mbili kwa zaidi ya mwaka. Akaona moshi, kisha akaona moja ikishuka chini, kisha ya pili, na wale wa televisheni wakarudia kuionyesha tena na tena, kana kwamba mara moja haikutosha.

Alitua mtungi wa maziwa polepole ili usimwagike. Hilowle alimshika mkono akamkalisha. Jambo lililomtesa mzee ni kwamba jana yake, aliposikia habari, neno la kwanza kinywani mwake lilikuwa kumshukuru Mungu kwamba Ilhan hakuwa katika mji huo. Sasa alimwona mwenzake mbele yake na shukrani ile ikawa chungu.

Mama Ezra alipofika nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye nyasi, Simel ameegemea fimbo, na mchungaji wa kanisa amefungua Biblia. Mke wa Simel alimletea chai.

"Nailantei," alimwambia, "kunywa kidogo."

Mama Ezra aliinua macho. Mwingine akaja. "Pole, Nailantei." Na mwingine, akimtaja Mungu kwa Kimaasai. "Nailantei, Enkai yupo."

Ndipo alipoelewa. Kwa mila ya Wamaasai jina la marehemu halitajwi. Na watu hawawezi kumwita mtu mama wa fulani bila kumtaja fulani. Bila mkutano wala makubaliano, jirani zake wote walikuwa wameliacha jina lake la miaka ishirini na tatu, na kwa kuliacha wakawa wamemzika mwanawe. Tena Simel alikuwa amekwisha kumchagua Mugie achinjwe kwa ajili ya wageni wa kilio, kwa maana alisema kijana kama yule haliliwi kwa chai tupu.

"Hakuna aliyeona mwili," Mama Ezra alisema.

Mke wa Simel akamsogezea chai.

Asubuhi ya Alhamisi alizibandua picha tatu ukutani, akazifunga kwenye leso, akaenda mjini bila maziwa. Hilowle alikuwa ameketi kando ya simu, macho mekundu. Simu haikuwa imelia.

"Nimefikiri jambo," mzee alisema kabla hajasalimiwa. "Nani alisema hiyo picha ni New York? Si ni mimi? Na mimi nimefika wapi? Nimefika Garissa, nimefika Nairobi. Nilisoma kalenda tu! Huko Amerika miji ni mingi, ghorofa mbili ndefu zinaweza kuwa popote. Labda mimi ndiye niliyempeleka mtoto huko kwa mdomo yangu."

Mama Ezra alimkazia macho. "Nani anaweza kujua?"

"Kuna Mkamba Kitengela anaitwa Muteti, mtu wa studio. Anachora miji, yuko na vitabu vyake. Mpelekee hizo picha azilinganishe. Akisema huo si New York, urudi unitukane mbele ya wateja wote. Nitafurahi."

Simel alikuwa amemfuata mjini, kwa sababu haikufaa mjane atembee peke yake na kilio. Aliposikia jina la Muteti alikohoa.

"Hakuna studio nyingine?" aliuliza.

"Hakuna yenye vitabu," Hilowle alisema.

Hivyo wakasafiri hadi Kitengela, Mama Ezra ameshika leso kwa mikono miwili. Alikumbuka jinsi alivyobishana juu ya miji ile, upi mrefu, upi wa fahari. Mungu anisamehe, aliwaza. Nilitaka mtoto wangu awe katika mji mkubwa kuliko yote. Sasa aliomba mji ule uwe wowote mwingine, hata uwe mdogo, hata uwe na ghorofa moja iliyoinama.

Studio ilikuwa kwenye safu ya maduka ya mabati, kando ya barabara ya Namanga. Muteti alikuwa mtu mfupi mwenye rangi ya mafuta kwenye kucha. Alipomwona Simel mlangoni alisimama kwa kishindo.

"Wewe! Mzee wa fahali! Umemleta na mke wake?"

"Leo sina ng'ombe," Simel alisema. "Niko na kilio."

Muteti aliona uso wa Mama Ezra, akatoa viti. Alisikiliza habari yote. Kisha akazichukua picha tatu na kwenda nazo penye mwanga wa dirisha. Aliitazama ya kwanza, akaikunja midomo. Aliitazama ya pili. Alipofika ya tatu aliisogeza karibu na jicho, akaigeuza huku na huku.

Kazi ya studio ina adabu yake. Mtu huja akasimama mbele ya mji asioujua, akavaa koti la kuazima, akapeleka picha kwao, na mpiga picha haulizi anampelekea nani. Muteti alikuwa ameishi kwa adabu hiyo na kula kwa adabu hiyo, na hakuwahi kujiuliza chakula hicho kina nini ndani yake. Sasa swali lilikuwa limekaa mbele yake kwenye kiti.

"Niambie tu," Mama Ezra alisema. "Hiyo ya ghorofa mbili ni New York, ama ni mji mwingine?"

"Ni New York, mama."

Mama Ezra aliinamisha kichwa. Simel akatoa sauti kama ya mtu aliyepigwa.

"Ngoja!" Muteti alisema. "Ngoja, mama, sijamaliza. Hii picha uliletewa lini?"

"Mwaka jana. Wakati wa ukame."

"Na kijana alienda Amerika lini?"

"Tisini na nane."

Muteti alipiga magoti mbele yake, akaiweka picha juu ya paja lake, akaonyesha kwa ukucha wenye rangi ule mstari uliopindapinda kando ya sikio la Ezra.

"Unajua hii ni nini?"

"Wengine wanasema radi. Wengine wanasema ni ngazi."

"Hii ni uzi ya gunia. Nilishona mimi mwenyewe, kwa mkono yangu, siku mbili. Hii ni pazia, mama. Nguo. Nilichora mwaka wa tisini na sita, na hizi zingine mbili ni zangu pia, hata ule mlima nyuma ya daraja nilikosea nikaufanya kama Ngong. Na muulize huyu mzee nani alipasua New York yangu."

Simel alichukua picha. Aliutazama ule mstari kutoka juu hadi chini, na polepole akainua kidole akaukadiria urefu wake, kama apimavyo pembe.

"Mugie," alisema.

"Baada ya huyo fahali wako, nani Kitengela angetaka kusimama mbele ya mji wenye kovu? Niliuza mapazia yote matatu kwa Githongo, mtu wa studio Ongata Rongai."

Ilichukua muda. Mama Ezra alitazama ukutani, ambako mapazia mapya yalining'inia, mji juu ya mji, na akaona kwamba ghorofa zake zilikuwa na mikunjo.

"Pazia liko Rongai," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Na lilienda huko baada ya fahali. Na fahali alikuja baada ya Ezra kusafiri."

"Ndiyo, mama."

"Basi mwaka jana mtoto wangu alikuwa amesimama Rongai."

Hapo angeweza kukasirika, na angekuwa na haki. Alikuwa amedanganywa pamoja na kila aliyetoa kuku. Lakini mwili una hesabu zake. Alishuka kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, na Simel alidhani sauti iliyomtoka ni kilio hadi alipoinama na kuona shemeji yake anacheka, machozi yakimtiririka hadi kwenye shanga.

"Rongai!" alisema. "Simel, Rongai! Si hapo tu!"

Walifika kwa Githongo alasiri. Githongo hakuhitaji kufikiri. "Huyu? Si huyu kijana wa mjengo? Yuko Gataka, wanajenga ghorofa karibu na kisima. Nilidhani ni yatima. Hajawahi kutaja mtu."

Ghorofa ya Gataka ilikuwa imefika ya tatu, na juu yake vijana walipokezana mawe kwenye ngazi za miti. Mama Ezra alisimama chini, mkono kwenye paji la uso. Aliwapitisha macho mmoja mmoja. Mmoja alikuwa mfupi mno. Mmoja alikuwa na ndevu. Wa tatu alikuwa amempa mgongo, amejaa vumbi jeupe tangu nywele hadi miguu, na alikuwa akiweka uzito wote kwenye mguu wa kushoto, kama alivyosimama baba yake maisha yake yote.

"Ezra!"

Jiwe lilimponyoka. Bahati nzuri hapakuwa na mtu chini.

Alishuka polepole, na alipofika chini hakuthubutu kusogea. Ilibidi aelezee palepale, penye mchanga, wenzake wakisikiliza. Siku ile uwanja wa ndege alimkuta mtu wa tikiti, naye akamwambia hakuna jina lake popote. Wakala hakuwa ameshughulikia chochote. Alikaa juu ya sanduku lake, na kupitia kioo aliwaona watu wake wakipunga mikono kwa ndege ya wengine, na bibi yule asiye na shanga tena shingoni akiruka juu kama msichana. Akatokea mlango mwingine.

"Ningerudi vipi, Yeyo? Ningewaambia nini?"

"Ungesema umeibiwa!" Simel alinguruma. "Ng'ombe wangapi wameibiwa hapa na wenyewe wakarudi nyumbani? Kuibiwa si aibu. Aibu ni hii ulitengeneza wewe mwenyewe, na ukaipiga picha!"

"Na hizi siku mbili?" Mama Ezra aliuliza. "Hukusikia habari?"

"Nilisikia."

"Ulijua tutafikiri uko pale?"

Ezra alitazama miguu yake. "Hilowle aliniambia kwa simu ya Krismasi, kwamba mmeiita New York. Nilienda kwa kibanda ya simu jana. Nikashika simu. Halafu nikafikiri... afadhali mnililie mara moja, iishe. Mtu aliyekufa hadaiwi kitu. Ningebaki mtoto mzuri."

Mama Ezra alimpiga kofi. Hakuwahi kumpiga tangu alipotahiriwa, na kofi hilo lilisikika hadi juu, ambako mafundi waliacha kazi. Alikuwa ameyameza yote, miaka yote, pazia na ngazi na radi, lakini hilo moja halikumezeka. Uongo mtu anaweza kuusema kwa hofu. Kumwacha mama yako akuzike ilhali unapumua, hiyo ni kazi ya kukaa chini na kuamua.

Kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakivuta hadi chini ya kidevu chake, akamnusa nywele zile zenye saruji kama anusavyo ng'ombe ndama aliyepotea. Akamtemea mate ya baraka kwenye utosi. Vumbi likawa matope.

"Chukua vitu vyako," alisema. "Twende nyumbani."

Njia nzima hakumwachia mkono. Simel alikaa kiti cha nyuma yao akinung'unika juu ya adhabu, na kila baada ya muda aliinama mbele kumgusa kijana bega, kisha akarudi kunung'unika.

Adhabu ilikuwako, na ilistahili. Wako wanaosema mambo yakiisha vizuri basi kosa limefutika. Si kweli. Uongo ukizaa heri, heri ni ya Mungu na uongo unabaki wako. Wazee waliamua kwamba Ezra ataingia boma kwa boma, kwa kila aliyechanga, atasimama mlangoni na kusema kwa sauti alikuwa wapi na alifanya nini, na hataketi mpaka aambiwe keti. Alianza kwa yule bibi wa shanga. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kama shanga ziko. Ezra alizitoa mfukoni. Hakuwahi kuziuza, hata miezi ya njaa. Bibi akamwambia keti.

Lakini hayo yalikuwa ya wiki zilizofuata. Usiku ule walilala Rongai, na Ijumaa asubuhi waliposhuka barabarani Kajiado walipita kwanza kwa Hilowle, kwa sababu Mama Ezra alisema mtu huyo hawezi kuachwa kando ya simu. Mzee aliinuka, akamtazama kijana, akamgusa shavu kwa kidole kimoja kujua kama ni nyama.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kwa hivyo nilikosea mji?"

"Hukukosea," Mama Ezra alimwambia. "Lakini Ilhan amenishinda. Mji wake ni wa kweli. Wangu ni wa kushonwa."

"Mimi nilisema tangu zamani! Chache lakini safi!" Hilowle alipiga meza hadi vikombe vikaruka, kisha akajifuta macho kwa upande wa kanzu na kuagiza chai kwa hoteli yote.

Nyumbani waombolezaji bado walikuwa kwenye nyasi. Mugie alikuwa amefungwa kwenye mti na visu vimeshanolewa. Simel alitangulia mbele, fimbo juu, na kabla hajafika langoni alipaza sauti ambayo ilisikika hadi ng'ambo ya bonde.

"Mfungueni huyo fahali! Hachinjwi! Huyo atakufa kwa uzee!"

Watu walisimama wakidhani amerukwa na akili. Wakaona aliye nyuma yake. Kisha mke wa Simel akaangusha birika la chai, akakimbia mikono mbele, naye alipofika hakujua amkumbatie yupi kwanza.

"Mama Ezra!" alipiga kelele. "Mama Ezra! Mama Ezra!"

Na wanawake wote wakalipokea jina hilo, wakalirudia wakikimbia, na kila mmoja alimwita yeye, na yeye akaitika kila mara.